*TAARIFA YA TAWI LA CHAPWA: SHAMBULIO LIKITOKEA, BUNGE LIPEWE HESABU*



Katika kikao chetu kilichopita mzee wetu mmoja aliuliza: "Mambo ya ugaidi ni ya Kibiti na Mtwara huko. Sisi wa Chapwa yanatuhusu nini?" Muda haukutosha kumjibu. Tunamjibu hapa, na wengine msome.

Kwanza, sisi ni watu wa mpakani. Tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Kitaya ni mpakani kama Tunduma. Pili, Kibiti hawakuuawa askari peke yao, ingawa Aprili 13, 2017 waliuawa askari 8 kwa siku moja. Waliuawa pia wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa chama wa ngazi ya chini. Yaani watu wa cheo kama chetu.

Je, hesabu ya damu hiyo ilifungwa?

Hapa tawini ada ikikusanywa, mweka hazina analeta daftari na stakabadhi. Asipoleta, mnambana. Nchi nayo imejiwekea utaratibu huo kwenye fedha: Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti ya CAG ifike bungeni ndani ya siku 7 tangu mkutano wa Bunge uanze. Ibara ya 32 inasema Rais akitangaza hali ya hatari, Bunge liitishwe ndani ya siku 14. Lakini watu wakiuawa na magaidi bila hali ya hatari kutangazwa, Katiba haikuweka siku hata moja. Ni kweli Ibara ya 63 inampa Mbunge haki ya kumwuliza Waziri. Ila kuuliza ni kitu kimoja, kuletewa hesabu mezani ni kingine.

Tazameni Kitaya. Bunge lilishavunjwa Juni, uchaguzi ulikuwa Oktoba 28. Hapakuwa na kikao cha Bunge cha kuuliza. Maelezo tuliyasikia kwa IGP Simon Sirro siku kadhaa baada ya tukio. Bunge jipya lilipoanza Novemba, hapakuwa na ibara ya kuilazimisha Serikali ianze na taarifa hiyo.

Ukimya una gharama. Tunduma tunajua uvumi unavyokimbia: sauti moja ikitumwa kwenye kundi asubuhi, mchana maduka yamefungwa. Pasipo maelezo, lawama humwangukia mgeni: dereva wa lori aliyelala kwenye foleni, mpangaji mpya, kijana mwenye ndevu. Na mwandishi Azory Gwanda, aliyeripoti mauaji ya Kibiti, hajaonekana tangu Novemba 2017.

Jirani zetu Kenya waliandika kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 240, kwamba Baraza la Usalama la Taifa litoe taarifa bungeni kila mwaka. Baada ya Westgate, Septemba 2013, walipouawa watu 67, kamati za Bunge ziliandika ripoti, na Machi 2014 wabunge wenyewe wakaikataa. Hatudanganyi kwamba hilo lilitosha. Tume aliyoiahidi Rais Uhuru Kenyatta haikuundwa, na Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Taarifa haizuii risasi. Lakini kosa lisiloandikwa popote halina wa kulirekebisha.

Wapo watakaosema usalama ni siri. Sawa. Hatuombi majina ya watoa habari wala mipango ya jeshi. Hayo yapelekwe kwenye Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, milango imefungwa. Idadi ya waliokufa si siri kwa waliowazika.

Kwa hiyo msimamo wa tawi letu ni huu:

1. Sheria iweke siku. Sisi tunapendekeza taarifa ya kwanza iwe ndani ya siku 14, na kama Bunge limevunjwa, iwe shughuli ya awali ya Bunge jipya.

2. Taarifa ijibu: wamekufa wangapi, dalili zilijulikana lini, nani alichukua hatua gani, kesi zimefika wapi, familia zimesaidiwaje.

3. Kila mwaka Serikali irudi kueleza yaliyotekelezwa.

Mbunge wa Jimbo la Tunduma akija, awe wa chama chochote, tumwulize kwa adabu kama atalibeba hili. Tunaliandika pia kwenye muhtasari wa kikao ili lipande ngazi ya kata na wilaya.

Na sisi wenyewe tuanze: usisambaze picha za maiti wala tetesi. Ukiona jambo la mashaka, mpelekee mwenyekiti wa mtaa au polisi, si kundi la WhatsApp.

Mzee wetu, hilo ndilo jibu. Ukiwa na la nyongeza, kikao kijacho utapewa nafasi ya kwanza.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi, Chapwa
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi