Jelikoti si vanishi: majibu kwa mafundi wa uani

Mninga tunao. Unashuka kutoka misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Tabora, na hapa Mtendeni si ajabu kukuta meza nzuri inapigwa randa uani, mita chache tu kutoka mahali pa kupikia. Kilichoongezeka ni hamu ya uso unaong'aa kama kioo. Watu wameuona kwenye simu, na sasa wanataka kupuliza jelikoti angavu nyumbani kwao wenyewe.

Ushauri wanaopewa hautoki kwa wajinga. Unatoka kwa mafundi waliopuliza vanishi miaka mingi na kazi zao tumezikalia. Ndiyo maana unaaminika, na ndiyo maana unapotosha: uzoefu wa vanishi unahamishiwa kwenye kitu kisichokuwa vanishi.

"Ni vanishi nzito tu, ipige thina ipite kwenye gani." Hapa ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Vanishi tunayopuliza kwenye makochi hukauka kwa thina kuruka, na kinachobaki juu ya mbao ndicho kinga yenyewe. Jelikoti haikauki, inaganda. Ni resini ya poliesta iliyoyeyushwa ndani ya stairini. Ukiitia hadina, ambayo ni peroksaidi, resini na stairini hushikana zikawa kitu kimoja kigumu. Thina haina nafasi katika muungano huo. Inanaswa ndani, kisha inatafuta njia ya kutoka na kuacha vitundu na uso dhaifu. Asetoni nayo ni hivyo hivyo. Kama jelikoti haipiti, tatizo ni gani. Tundu la milimita 1.4 linalotosha rangi ya gari ni jembamba mno kwa kazi hii. Tafuta la milimita 2 au zaidi. Ikibidi kulainisha, tumia stairini kidogo kwa kiasi alichoandika mtengenezaji kwenye kopo.

"Ikibaki inanata, ongeza hadina." Kati ya yote ninayoyasikia, hili ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi, kwa sababu linaonekana kuwa na akili. Mtu anagusa uso baada ya saa kadhaa, kidole kinanata, anaamua dawa ilikuwa ndogo. Safari ijayo anamimina mara mbili. Uso unanata tena, na sasa umepata na manjano.

Kinachozuia uso usigande ni hewa. Oksijeni hukatiza ule muungano pale juu kabisa unapokutana na upepo, hata kama chini yake jelikoti imeshakuwa ngumu kama jiwe. Jelikoti nyingi zilitengenezwa kupulizwa ndani ya kalibu, ambamo uso utakaoonekana umelalia ukuta wa kalibu na hewa haiufikii. Wewe unayepuliza juu ya meza umeugeuza mpango huo kichwa chini. Kati ya koti na koti, kunata huko ni faida, kwani koti la pili linashikamana na la kwanza bila msasa. Koti la mwisho ndilo linalohitaji kufunikwa. Mafundi wa boti hulitia mchanganyiko maalumu wa nta ya parafini ndani ya stairini. Nta hupanda juu jelikoti inapoganda na kuifungia hewa mlango. Hadina inabaki palepale anapotaka mtengenezaji, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Pima kwa mizani au kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa hakipimi kitu.

Na hapa kwetu, nchi ya asali, lazima atokee wa kusema nta ya nyuki itafanya kazi hiyo hiyo. Nta ya parafini iliyomo kwenye mchanganyiko ule imechaguliwa kwa kiwango chake cha kuyeyuka na kupimwa. Kipande cha nta kutoka mzingani hakijapimwa. Kibaya zaidi ni kuipaka mbao nta kwanza ili ing'ae, kisha kupuliza juu yake. Hapo hakuna kitakachoshika.

"Joto la Tabora linatosha, puliza wakati wowote." Asubuhi ya Julai hapa ni ya sweta. Chini ya nyuzi 16 hivi jelikoti husinzia, na inaweza isigande vizuri hata jua likija kuchomoza. Oktoba ni kinyume chake: hadina ile ile inagandisha mzigo ndani ya kikombe cha gani kabla hujamaliza upande mmoja wa meza.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi kabisa. Mvuke wa stairini unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 31 hivi, joto ambalo mchana wa Oktoba hapa linavuka bila taabu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa; unatambaa chini, unafuata sakafu ya ua hadi kwenye jiko la mkaa. Kwa hiyo jiko lizimwe kabisa. Kulisogeza pembeni hakutoshi.

"Funga kitambaa puani, na ukimaliza kazi, kunywa maziwa." Maziwa ni chakula kizuri. Hayajui njia ya kwenda mapafuni. Kitambaa huzuia vumbi kiasi, mvuke unapita kama hakipo. Kinachohitajika ni barakoa yenye vichujio vya mkaa maalumu vya mvuke wa kemikali, na kazi ifanyike nje, watoto wakiwa mbali. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Hadina ndiyo hatari ya papo hapo: tone moja jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ya kazi ivaliwe kabla chupa haijafunguliwa. Likiingia, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali ya Kitete bila kuchelewa. Na kama resini yako inahitaji kobalti ya kuharakisha kuganda, isikutane na hadina nje ya resini. Zikichanganywa moja kwa moja zinaweza kulipuka.

"Ukishapuliza umemaliza." Hata kidogo. Jelikoti hutoka kwenye gani ikiwa na uso wa ganda la chungwa, na ile nta ya juu inaufanya ufifie. Mng'ao unatoka mkononi: msasa wa maji namba 400, kisha 600, 800, 1000, hadi 1500, halafu kompaundi. Kona ndizo zinazotobolewa kwanza, kwa sababu koti lote halizidi sana nusu milimita.

Dai la mwisho ni kwamba jelikoti italinda mninga milele. Mbao huvuta unyevu masika na kuutoa kiangazi. Mninga hucheza kidogo kuliko mbao nyingi, lakini hucheza. Poliesta ngumu haichezi nao, hivyo nyufa huanzia kwenye maungio. Tena jelikoti angavu haina rangi ya kukinga jua. Yenyewe hugeuka manjano, na mninga ulio chini yake hupauka.

Kwenye sinki, tangi au boti ya faiba, nitakuunga mkono ukiipuliza, mradi masharti ya hapo juu yatimizwe. Kwenye meza ya mninga, hapana. Ningepaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, makoti membamba, kila moja likifutwa vizuri na kuachwa likauke. Matambara uliyofutia yaanikwe yamekunjuliwa, au yalowekwe majini. Yakirundikwa pembeni ya banda, hujiwasha yenyewe.