Sichezi na Toi, Mjomba: Najenga Chesisi

Wasee, leo niko na hasira kidogo, mnivumilie.

Jumapili tulikuwa kwa mjomba, watu wamekula wameshiba. Nikatoa simu nimwonyeshe gari yangu ya rimoti ikipanda mawe huko Lukenya. Chesisi yake nimeijenga mwenyewe, paipu kwa paipu. Mjomba akatazama sekunde tano hivi, akanirudishia simu: “Na miaka yote hiyo ya chuo, bado unacheza na toi?” Sebule nzima ikacheka. Hata mathe.

Sawa. Sasa mnisikilize.

Karibu kila mtu aliyecheka pale aliwahi kutengeneza gari ya waya. Usikatae. Uliokota waya kwa ua wa mtu, magurudumu ukakata kwa slipa zilizoisha, ukaweka usukani mrefu ukakimbia nayo mtaa mzima. Hakuna aliyekufunza. Ulikunja, ikavunjika, ukakunja tena. Ule ulikuwa uhandisi, hukujua tu jina lake. Halafu ukaingia sekondari, mtu akakuambia wacha utoto, ukawacha. Mimi sikuwacha. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu.

Gari yangu inaitwa krola. Haikimbii. Kazi yake ni kupanda mwamba polepole bila kupinduka. Ni sehemu ya kumi ya gari halisi: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama milimita 313. Ukiwa na doo unainunua ikiwa tayari, na sina shida na wewe. Mimi nilinunua ekseli, mota na rimoti za mitumba, chesisi nikasema nitajenga.

Ya kwanza niliharibu. Niliunda maboksi, mraba juu ya mraba, ikapendeza kwa macho. Ikaanguka kwa jiwe moja tu, ikalala upande kama kiti cha plastiki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kamukunji, mzee mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto. Hakucheka. Aliishika kona mbili, akaisukuma kidogo, akaniuliza: “Pembetatu ziko wapi?”

Manze, nilinyamaza. Chuoni nilichora pembetatu za madaraja mpaka nikapata A. Kwa karatasi nilijua mraba ukisukumwa kona unalala, na pembetatu hailali mpaka chuma chenyewe kipinde au kikatike. Mkono wangu ndio haukujua. Ulijua siku ile.

Nikaanza upya. Nilichora fremu kwa ukubwa wake kamili juu ya plaiwudi, nikapiga misumari kando ya mistari ili paipu zisihame. Paipu ya milimita 6 ukiikunja hivi hivi inabonyea, so unaijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili, unakunja polepole bila moto. Ukimaliza, mchanga wote unamwaga. Ncha ya kila paipu unaichonga kwa tupa ya mviringo mpaka ikumbatie mwenzake. Ukiacha nafasi, umejidanganya. Kuchomelea kwa stima nako kunataka mkono mwepesi, kwa sababu paipu yenye ukuta wa milimita 1 inatoboka haraka. Sisi tulitumia gesi na waya wa brasi, ambao unayeyuka kabla ya chuma na kuingia wenyewe pale paipu zinapokutana. Na paipu iliyopakwa zinki usiipige moto, moshi wake unakupa homa. Betri nikaiweka chini, karibu na mbele, ndio gari isipinduke kinyumenyume ikipanda.

Wiki sita. Vidole viwili vimeungua. Niambie, hapo utoto uko wapi?

Kuna Rhino Charge, imekuwepo tangu 1989. Watu wazima wanaingia porini na magari, mengine yamejengwa upya kwa fremu za paipu, wanatafuta vituo 13 ndani ya masaa 10, na ushindi ni wa aliyefika kote kwa umbali mfupi zaidi. Hao tunawapigia makofi. Hakuna anayewauliza kama wanacheza. Tofauti ya magari yao na yangu ni ukubwa na pesa. Pembetatu ni zile zile.

Kumbe shida si toi. Shida ni kwamba kazi ya mikono tunaiheshimu ikishikwa na tajiri. Ikishikwa na asiye nacho, “anacheza.” Na yule fundi wa Kamukunji, aliyeona kwa sekunde mbili kosa ambalo diploma yangu haikuona, tunamwita jua kali kwa sauti ya kumhurumia. Kisha tunalia ati vijana hawana ujuzi. Ujuzi tunaucheka sebuleni, halafu tunaenda kuutafuta kwa semina.

Sisemi krola itanipa kazi. Siwadanganyi. Lakini juzi jioni mathe aliniita nje, bila kuniangalia machoni: “Hebu tazama hili geti, mbona linaburuta chini?” Nikalitazama. Mraba mtupu, hata paipu moja ya kukatiza kona hakuna.

Jumamosi naliweka pembetatu. Mjomba, ukipita, karibu ubishe hodi.