Mtoto Akililia Wembe, Afundishwe Kuushika

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walikusudia kwamba mkaidi hufundishwa na jeraha lake mwenyewe. Safari hii tunaomba radhi kwa wahenga hao, kwani yaliyotufika msikitini kwetu, hapa chini ya Mlima Meru, yametuonyesha kuwa wembe una watu wawili: anayeushika na anayeinamishiwa kichwa. Akiumia huyu wa pili, somo linapotea.

Kwa miaka mingi watoto wachanga wa mtaa wetu wamenyolewa siku ya saba na mzee wetu mmoja, kwa wembe wake wa kukunja alioununua ujanani. Asubuhi moja ya Julai kulikuwa na akika tatu. Wawili wa kwanza walinyolewa salama. Wa tatu alichanjwa juu kidogo ya sikio. Damu haikuwa nyingi, na mama yake, kwa heshima ya mzee, hakusema neno. Alimfunika mtoto kwa kanga akaondoka. Wengi walidhani tatizo ni mkono wa mzee, ambao umeanza kutetemeka. Sisi kilichotutisha zaidi ni kwamba wembe ule ule ulikuwa umepita juu ya vichwa viwili kabla ya kile, na kila mara ulifutwa kwa kitambaa tu.

Tukiwa katibu wa kamati, tulitwishwa kazi ya kwenda kumwambia. Tulimkuta barazani kwake baada ya Alasiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, katibu. Najua ulichokuja nacho. Wembe huo hapo, chukua. Ila nijibu moja: katika kamati yenu nzima, nani anajua kuushika?"

Hatukuwa na jibu. Chuoni tulisoma mlango wa akika tangu mwanzo hadi mwisho: kuchinja, kumpa mtoto jina, kumnyoa, kutoa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zake. Tuliujua mlango huo kwa dalili zake na kwa hitilafu za wanavyuoni, wala hatukuwahi kushika wembe. Tukamwambia mzee kwamba hatukuja kumnyang'anya chochote. Tumekuja kuomba atufundishe. Alicheka, akatuambia turudi kesho na vijana wawili, sabuni, na puto.

Puto lile lilitutia haya. Hulipuliziwa pumzi, likapakwa povu, kisha mwanafunzi akaliondoa povu lile kwa wembe bila kulipasua. Siku ya kwanza tulipasua manne. Mzee alikuwa akirudia neno moja: wembe haukandamizwi, uzito wake wenyewe unatosha. Anayekandamiza ni yule asiyeamini kwamba makali yatafanya kazi.

Baada ya puto yakaja makali yenyewe. Wembe hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukifika mwisho wa mkanda, unaugeuza juu ya mgongo wake. Ukiugeuza juu ya makali, umeharibu wembe na mkanda kwa pamoja. Kisha ukaja mlalo: wembe hulazwa kwa kiasi cha nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi. Ukisimama zaidi ya hapo, unakwangua. Ukilala kabisa, unang'oa nywele badala ya kuzikata. Mkono wa pili huivuta ngozi ikakaza, nao wembe huenda hatua fupi fupi kuelekea zinakolalia nywele. Hauburutwi kamwe kwa ubavu, kwa kuwa hapo unageuka kisu.

Tena yako maji. Julai ya Arusha inafahamika. Maji ya bomba alfajiri yanauma vidole. Nywele zilizolowa maji baridi husimama kama miiba. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kilichokaa kichwani dakika 3 kilitupunguzia nusu ya taabu. Tulinyoana wenyewe kwa wenyewe, kwani kinyozi hajinyoi, kila mmoja akiwa na wembe wake. Tulikatana pia, na jiwe la shabu lilifanya kazi yake.

Ndugu msomaji, katika kunyoana huko tulikumbuka Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria. Waislamu walizuiliwa wasiingie Makka, nyoyo zao zikawa nzito hata wakakawia kutii amri ya kuchinja na kunyoa. Bibi Umm Salama (R.A.) ndiye aliyemshauri Mtume (S.A.W.) atoke aanze yeye bila kusema na mtu. Alipochinja na kunyolewa, Masahaba wakasimama wakanyoana, nusura wadhuriane kwa huzuni waliyokuwa nayo. Tunapata humo kwamba mkono wenye wembe huchukua hali ya moyo wa mwenyewe. Asiyetulia asishike wembe.

Tulikumbuka pia kisa cha Khubayb (R.A.), aliyekuwa mateka Makka akingoja kuuawa. Aliazima wembe wa kujisafishia kwa mwanamke wa nyumba aliyofungwa. Mtoto mdogo wa mwanamke yule akamwendea bila mama kuona. Mama alipogeuka alimkuta mwanawe amepakatwa na mateka, na wembe umo mkononi. Alishikwa na hofu kuu, naye Khubayb akamtuliza kwamba hakuwa mtu wa kufanya jambo hilo, na mtoto hakuguswa. Ikiwa mateka aliyedhulumiwa aliichunga amana ya mtoto wa adui zake, sisi tunayekabidhiwa kichanga na mzazi anayetuamini tutajitetea kwa lipi?

Tunarudi kwenye kitambaa. Nchi yetu ilipata wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo tumeonywa kuhusu kuchangia nyembe. Walakini tunaisahau homa ya ini aina ya B. Kirusi chake huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho halioni. Chanjo yake katika ratiba tuliyoizoea huanza mtoto akifika wiki 6. Mtoto wa akika ana siku 7 tu. Aidha, anayeambukizwa uchangani ndiye aliye karibu zaidi kubaki na ugonjwa huo maisha yake yote, hadi kuharibika ini au kupata saratani yake. Kufuta kwa kitambaa hakumkingi mtoto na hatari hiyo.

Kwa hiyo kamati imeazimia haya. Kila kichwa kiwe na wembe wake mpya, unaofunguliwa mbele ya mzazi na kutupwa ndani ya chupa ngumu baada ya kazi. Mpini unaopachikwa wembe wa kubadilishwa upo, nao hushikwa vile vile kama ule wa kukunja, ila huchemshwa kati ya mtoto na mtoto. Mnyoaji anawe mikono kwa sabuni. Mtoto awe ameshiba na kulala. Utosi usikandamizwe hata kidogo. Kichwa kianziwe upande wa kulia, kama ilivyothibiti kwa Mtume (S.A.W.) katika Hija ya kuaga, na kinyolewe chote, kwa kuwa amekataza kunyoa sehemu na kuacha sehemu. Mtoto mgonjwa asubiri. Sunna haikuja kumdhuru mtu. Nao wanaojiandaa kwa Hija wachukue wembe wao wenyewe, wauweke katika mzigo mkubwa, si begi la mkononi.

Mwezi uliopita tulimnyoa mtoto wa kwanza. Mzee aliketi pembeni, mikono yake mapajani, akatuambia mara moja tu tuvute ngozi. Tulipomaliza, alipitisha kiganja juu ya kichwa kile, akakitazama kiganja, kisha akasema alhamdulillah. Wembe wake sasa umo kabatini kwake, naye bado ndiye mwalimu wetu: hakuna kijana atakayenyoa mtoto msikitini kwetu bila yeye kumpitisha.

Kwa misikiti jirani, kuanzia mjini hadi Usa River na Ngaramtoni, tunasema kwa mapenzi: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Utazameni leo wembe wa msikiti wenu, kabla ya akika ya Jumapili ijayo.

Wabillahi tawfiq.