Kumpeleka Mraibu Kijijini ni Nusu ya Safari

Toleo hili limejaa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, na inastahili. Tangu hospitali ya Muhimbili ianze kuitoa Februari 2011, za Mwananyamala na Temeke zikafuata, hoja kwamba mraibu wa heroini ni mgonjwa imeshinda, walau kwenye miongozo. Kinachoniudhi ni mjadala wetu kuishia mlangoni mwa kliniki. Tiba ambayo familia nyingi huikimbilia haina kliniki wala mwongozo: kijana hukatiwa tiketi ya basi, akapelekwa kwa babu yake, Mungaa wilayani Ikungi au kwingineko, akalime alizeti mpaka akili imrudie. Arosto, yale mateso ya kuacha dawa, inapita, mwili unajaa, wizi unakoma, na ukoo unatangaza kwamba amepona.

Amepona arosto tu. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza ustahimilivu, ilhali tamaa hukumbuka kipimo kilekile cha zamani. Akirudi Dar es Salaam na kujidunga kama alivyozoea, upumuaji unalemewa. Mboni zinasinyaa, midomo inabadilika rangi, anakoroma kwa mkwaruzo, na wenzake maskani wanaambiana wamwache alale. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba wafungwa walioachiwa katika jimbo la Washington, katika wiki 2 za kwanza uraiani, walikuwa na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa mara 129 ya wakazi wengine. Najua, shamba la babu si gereza. Lakini mwili haujali aliachishwa na nani. Unajua tu kwamba umeacha.

Nitaambiwa kijiji kimeokoa wengi. Sibishi, wala sitaki mtu azuiwe kurudi kwao. Nataka aliyepumzika kijijini asiagwe kwa sala na nauli pekee. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wanaoweza kumkuta mtu amezidisha wapatiwe naloksoni na kufundishwa kuitumia. Dawa hii huiondoa heroini mahali iliposhika kwenye ubongo, pumzi ikarudi. Maji ya baridi na maziwa hayafanyi hivyo. Wanaohofu kwamba itawapa waraibu kiburi cha kuzidisha wasahau hofu hiyo: naloksoni humwamsha mraibu na arosto kali papo hapo, na hakuna anayeitafuta arosto kwa hiari. Hoja nzito ni kwamba nguvu yake huisha mapema, pengine kabla ya heroini yenyewe, hivyo mgonjwa aweza kuzama tena. Hiyo ni sababu ya kumpulizia pumzi, kumkimbiza hospitali na kukaa naye, si sababu ya kuifungia dawa kabatini.

Makala ya toleo hili kuhusu nyumba za upataji nafuu Zanzibar ni nzuri, ingawa inahesabu wanaoingia na kunyamaza kuhusu wanaotoka. Ya sindano salama isomwe na kila ofisa wa polisi. Lakini ningependa waganga wa zahanati za Ikungi waanze kujibu swali langu: nani anamwandaa kijana kabla hajarudi mjini? Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kutoka Mungaa hadi kliniki ya Itega, Dodoma, ni mbali mno kwa safari ya kila siku. Basi kabla kijana hajapanda gari la kurudi mjini, mhudumu wa afya wa kijiji amweleze waziwazi kwamba kete ya zamani sasa yaweza kumuua, asijidunge peke yake, na kliniki ipi inamsubiri huko. Mazungumzo hayo hayahitaji bajeti wala semina ya Dodoma.