Swichi Iliyogoma Kuzima
Ndani ya seli zetu kuna protini ndogo, KRAS, inayofanya kazi kama swichi ya taa ukutani: ikishika molekuli iitwayo GTP inawaka na kuiamuru seli igawanyike, ikiikata GTP hiyo inazima, seli inatulia. Asidi amino moja tu, ile ya 12, ikibadilika, swichi inang'ang'ania kuwaka, seli nazo zinagawanyika bila breki. Saratani nyingi mno za kongosho zina hitilafu hii. Hitilafu za RAS, familia ya KRAS, zilijulikana kwa binadamu tangu 1982, ila uso wa KRAS ni laini, dawa ikakosa pa kushika. Hatimaye dawa ya kuilenga, sotorasibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021. Miaka 39! Nayo, inaniuma kusema, inalenga aina moja tu ya badiliko la asidi amino hiyo ya 12, iitwayo G12C, ambalo kwenye kongosho ni adimu.