Makala ya Kabondo na malaria ya msituni

Jikoni nyingi za Kabondo, hapa Kisangani, zinategemea makala. Lakini bei yake haihesabu malaria.

Falciparum, malaria inayoua zaidi Congo, huenezwa na mbu kutoka mtu hadi mtu. Asili yake ni mnyama: mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba ilitoka kwa gorila. Malaysia inathibitisha kwamba kuvuka huko si mambo ya kale tu. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kwamba wagonjwa wengi wa Kapit, Sarawak, walikuwa na malaria ya nyani, iitwayo knowlesi. Leo ndiyo inayosumbua nchi hiyo, hasa wakulima na wakata miti, kwa sababu msitu ukifyekwa, nyani, mbu na watu hukutana ukingoni.

Kwetu Tshopo, hatari ya kwanza iko karibu zaidi. Mbu gambiae hupenda kutaga mayai kwenye madimbwi yenye jua. Miti ikianguka, jua linafika chini na mashimo yanajaa maji. Mchoma makala anayelala porini bila chandarua anaumwa huko, kisha anarudi mtaani na vidudu damuni. Mbu wa mtaani wanamalizia kazi.

Congo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Kwa hiyo vyandarua visiishie mjini. Vifike hadi kwenye kambi za makala. Na serikali isimkataze mama makala kabla ya kumpatia njia nyingine ya kupikia, kwani watoto lazima wale.