Daktari Hunyoosha Taya, Mgonjwa Huufunza Msuli

Zipo nyumba ambamo kijana hufikia umri wa utu uzima ilhali meno yake ya mbele hayakutani, au taya la chini limechomoza kulipita la juu, au limerudi nyuma kiasi cha kuufanya uso uonekane hauna kidevu. Kijana huyo huichambua nyama kwa vidole kwa kuwa meno yake hayawezi kuikata, na mbele za wageni hula kidogo kuliko njaa yake. Wazazi wanapoelezwa kuwa ipo tiba ya kupanga meno kwa nyaya na kisha kulipasua taya na kulihamisha, swali lao la kwanza huwa juu ya sura na la pili juu ya gharama. Sisi tunaona lipo la tatu lililo kubwa zaidi: baada ya hayo yote, mtoto wetu ataweza kutafuna?

Kutafuna ni kazi ya misuli. Mtu akiweka vidole kwenye pembe ya taya, chini ya sikio, kisha akayabana meno, atahisi kitu kikituna chini ya ngozi. Huo ni msuli mkuu wa kutafuna, unaoshuka kutoka mfupa wa shavu. Akivipeleka vidole penye panja atauhisi wa pili. Mingine miwili imejificha upande wa ndani: mmoja husaidia kufunga kinywa, na mwingine hulivuta taya mbele na kusaidia kukifungua. Kwa mtu mzima ambaye meno yake yanakutana vizuri, nguvu ya kuuma kwenye magego huweza kufikia uzito wa kilo 50 na kuzidi.

Kwa mwenye taya lililopinda, nguvu hiyo mara nyingi huwa ndogo sana hata kabla ya kisu kumgusa. Meno machache tu ndiyo yanayokutana, hivyo msuli hukosa mahali pa kukandamiza, na msuli usiopewa kazi husinyaa. Tena taya hufanya kazi kama koleo: kilicho karibu na bawaba hubanwa kwa nguvu, kilicho nchani hubanwa kwa udhaifu. Umbo la taya likiharibika, hesabu hiyo nayo huharibika. Kisha huja nyaya, ambazo kwa kawaida hutangulia upasuaji kwa mwaka mmoja au zaidi. Meno yanayosogezwa huuma, na mgonjwa hujizoeza kutafuna kwa woga.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu. Mwaka 1901 daktari René Le Fort wa Ufaransa alieleza mistari ambayo mifupa ya uso hupasuka kwayo inapopigwa, na madaktari wa baadaye waliufuata mstari wa chini kabisa katika kulihamisha taya la juu. Mwaka 1957 Richard Trauner na Hugo Obwegeser walichapisha njia ya kulipasua taya la chini kwa kupitia ndani ya kinywa, bila kuacha kovu usoni. Zamani mgonjwa alifungwa mataya kwa waya kwa kiasi cha wiki sita. Siku hizi mifupa hushikiliwa kwa vibati na skurubu za titani, na wengi huweza kufungua kinywa mapema.

Lakini kibati hushika mfupa, hakishiki msuli. Daktari hulazimika kuubandua msuli kutoka kwenye mfupa ili apate njia, na taya linapohamishwa, misuli mingine huvutwa na mingine hulegea. Ukijumlisha uvimbe, maumivu, ganzi ya mdomo wa chini inayowapata wengi, na wiki kadhaa za vyakula laini, si ajabu kwamba katika majuma ya mwanzo nguvu ya kuuma hushuka chini ya ile iliyokuwapo kabla ya tiba. Hurudi taratibu kwa muda wa miezi, kisha huendelea kupanda kwa mwaka, miaka miwili au zaidi. Wengi hupata nafuu ya kweli, ingawa si wote wanaofikia nguvu za aliyezaliwa na taya lililonyooka. Ni haki ya mgonjwa kuelezwa hilo mapema.

Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea njia. Uvimbe ukipungua na sura ikapendeza, huhesabu kuwa kazi imekwisha, na safari za kliniki hukatwa. Kumbe mfupa umehama lakini ubongo bado unatafuna kwa mazoea ya taya la zamani. Kwa hiyo mgonjwa huelekezwa mazoezi: kufungua kinywa polepole mbele ya kioo, kulipeleka taya kulia na kushoto, na baadaye kukinyoosha kinywa kwa vidole. Mtu mzima kwa kawaida hufungua kinywa kiasi cha milimita 40 hadi 50, sawa na vidole vyake vitatu vilivyosimamishwa. Kipimo hicho kila familia inaweza kukifuatilia nyumbani, lakini siku ya kuanza mazoezi na kiasi chake ni amri ya daktari.

Jikoni nako kuna tiba. Uji, mtori na supu iliyosagwa hutangulia. Hufuata bokoboko, samaki laini na maharage yaliyopondwa. Ugali na nyama ngumu husubiri ruhusa, na miwa huja mwisho. Mgonjwa apewe kidogo kidogo mara nyingi, kwani wengi hukonda. Kwa sababu hiyo, ikiwezekana, siku ya upasuaji iwekwe mbali na Ramadhani. Na ikiangukia humo, mgonjwa asione haya kuitumia ruhusa aliyopewa.

Wapo wanaosita wakihofu kuwa huku ni kubadili maumbile. Tunawakumbusha kisa cha Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani, akaelekezwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, aweke pua ya dhahabu. Kuondoa kasoro inayomzuia mtu kula na kusema ni tiba.

Basi mzazi anayekwenda kuonana na daktari aende na maswali haya: Je, mifupa ya mtoto wangu imemaliza kukua? Nguvu yake ya kutafuna ikoje sasa, na tutarajie nini baada ya mwaka? Nani atamsimamia mazoezi, na kwa muda gani? Asiyepewa majibu asitie saini kwa haraka. Na aliyekwisha kutia saini ajue kuwa saa chache za chumba cha upasuaji hufuatwa na miezi mingi ya subira mezani.